Saba Saba: Roketi ya Vita vya Kagera na Somo Lake

Msafiri anayetoka Nyakakika kwenda Bukoba kupitia Bugene hufika Kyaka, lilipo daraja la mto Kagera. Hapo ndipo Watanzania walipoonja uchungu wa vita vya 1978.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo, majeshi ya Idi Amin, mtawala wa Uganda, yalivuka mpaka na kuteka ardhi yote ya Tanzania iliyo kaskazini mwa mto, takriban kilomita za mraba 1,800. Inakadiriwa kuwa raia 1,500 waliuawa, na maelfu wengine wakakimbia makwao. Novemba 2, Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, alilitangazia taifa vita. Siku iliyofuata, Waganda walililipua daraja la Kyaka.

Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilijibu kwa mizinga mizito na kwa BM-21, mtambo wa roketi ulioanza kutumika Umoja wa Kisovyeti mwaka 1963. Lori moja hubeba mitutu 40 ya milimita 122. Roketi zote hufyatuka katika muda wa sekunde 20 hivi na kuruka hadi kilomita 20. Mzinga hulenga shabaha, lakini roketi hizi hufunika eneo zima kwa mpigo mmoja. Askari wa Amin waliuita mtambo huo Saba Saba, na mngurumo wake uliwavunja moyo wengi. Januari 1979 Mutukula, upande wa Uganda, ilianguka, na Februari 24 ikawa zamu ya Masaka.

Hofu hiyo haikuwa ya upande mmoja. Machi 10, karibu na Lukaya, Walibya waliotumwa na Muammar Gaddafi kumsaidia Amin walifyatua roketi za ukoo huohuo. Zilipita juu ya vichwa vya askari wa Brigedi ya 201 ya Tanzania bila kuwapiga, lakini wengi wao walitawanyika. Pambano hilo liligeuzwa na Brigedi ya 208 ya kamanda Mwita Marwa, iliyozunguka na kumkatia adui njia kwa nyuma. Kesho yake adui alibanwa pande mbili na kushindwa. Kampala ilitekwa Aprili 11.

Kwa hiyo Saba Saba ilitisha, lakini haikushinda peke yake. Historia hii inastahili kusimuliwa kikamilifu, na Mombasa imeonyesha namna. Kwenye ngome ya Fort Jesus kuna mzinga wa Königsberg, manowari ya Kijerumani iliyoizamisha meli ya Kiingereza Pegasus katika bandari ya Zanzibar mnamo Septemba 20, 1914. Mzinga wa Pegasus pia uko hapo. Mgeni anakutana na aliyepiga na aliyepigwa katika ngome moja.

Kagera ina makaburi ya mashujaa Kaboya, wilayani Muleba, na ina Kyaka. Ningependa Saba Saba iliyostaafu isimame hadharani kando ya barabara ya Kyaka, ikiwa na maelezo ya raia waliouawa, askari waliovuka mto na hata vijana wa Uganda waliotumwa kufa kwa ajili ya mtawala mmoja. Chuma bila habari za watu humfundisha mtoto kushangilia nguvu tu. Mtoto wa Karagwe, Kyerwa au Missenyi anapaswa kujua pia nguvu hiyo ilimwangukia nani, na kwa nini nchi yake ililazimika kuitumia.