Somnath, Hekalu la Mahujaji na Mabaharia

Mwaka huu wa 2026 zimetimia karne kumi tangu Sultani Mahmud wa Ghazni alipolivamia hekalu la Somnath, ufukweni mwa Gujarat, India, na miaka 75 tangu kufunguliwa hekalu lililopo leo. Na kwa kuwa uvamizi ule ndio unaohadithiwa mno, yafaa tumrejee Al-Biruni, mwanachuoni wa zama zile zile, ambaye hakukomea kwenye vita.

Yeye aeleza kwamba kila siku sanamu ya Shiva ililetewa mtungi wa maji ya mto Ganga na kikapu cha maua ya Kashmir, na kwamba bahari ilipojaa kwa kuchomoza mwezi, maji yaliifunika, watu wakasadiki kuwa mwezi wenyewe unamwogesha bwana wake. Kwa Wahindu hapo ndipo pa kwanza katika mahali 12 ambapo Shiva alidhihiri kwa nuru. Lakini Al-Biruni ataja na sababu nyingine ya umaarufu wake: palikuwa kituo cha wasafiri wa baharini baina ya Sofala, nchi ya Zanji, na Uchina.

Mwaka 1264, hekalu likiwa limekwisha kujengwa upya, nahodha Nuruddin Firuz wa Hormuz alipata ardhi mjini hapo, kwa ridhaa ya wakubwa wa Kihindu, akajenga msikiti. Hati yake ilichongwa katika jiwe kwa Kiarabu na kwa Kisanskriti, ikatiwa tarehe za kalenda nne, ya Hijra mojawapo. Msikiti uliwekewa wakfu wa kinu cha mafuta, maduka mawili na mali nyinginezo, hata sehemu ya ardhi iliyokuwa ya mahekalu, na ikasharitiwa kuwa ziada ya mapato ipelekwe Makka na Madina. Hayo yalitendeka katika mji ule ule wa Somnath, miaka isiyozidi 240 baada ya Mahmud!

Baadaye hekalu lilivunjwa na kujengwa tena, hata Naibu Waziri Mkuu wa India, Vallabhbhai Patel, alipoazimia mwaka 1947 kulisimamisha upya, na Rais Rajendra Prasad akalifungua tarehe 11 Mei 1951, ijapokuwa Waziri Mkuu Nehru hakuridhia.

Jina la Mahmud lavuma. La nahodha Firuz walijuao ni wachache, na hilo ni jambo la kusikitisha. Sisi tulio watu wa pwani hii, ambao Sofala imo katika tarikhi yetu, tungestahiki kuwa na hati yake kwa Kiswahili, isomwe madarasani pamoja na habari za Kilwa.