Usukani Uliongoja Miaka Ishirini na Mitano

Ukimwona dereva wa teksi anakata kona kwa mkono mmoja, usidhani mambo yalikuwa rahisi hivyo tangu mwanzo. Yupo jamaa mmoja aliyesota kwa ajili ya mkono huo.

Jamaa huyo ni Francis Davis, mhandisi wa Marekani. Alifanya kazi Pierce-Arrow ya Buffalo, kampuni iliyounda magari ya matajiri. Yeye alikuwa upande wa malori. Lakini lori au gari la tajiri, shida ilikuwa ile ile: usukani mzito. Kugeuza tairi gari likienda pole pole ilikuwa kazi ya mabega.

Davis akaacha kazi, akafungua karakana yake Waltham, Massachusetts, pamoja na fundi George Jessup. Alitaka injini iendeshe pampu, pampu isukume mafuta, na mafuta yamsaidie dereva. Kubana mafuta kwa presha muda wote kulileta uvujaji. Basi Davis akaligeuza wazo: vali ibaki wazi, mafuta yazunguke tu. Dereva akizungusha usukani, vali inabana, presha inapanda, na mafuta yanasukuma upande anaoutaka. Akaufunga mtambo huo kwenye Pierce-Arrow ya 1921, akaingia nao barabarani, akajaribu na kurekebisha.

Mwaka 1926 akaliendesha gari hilo hadi Detroit, akawaonyesha General Motors. Wakaupenda, wakasaini mkataba. Mtambo ungefungwa kwenye Cadillac. Halafu uchumi ukaanguka mwaka 1929. Kufika 1934 wakubwa wakapiga hesabu: gharama kubwa, wanunuzi wachache. Wakauacha.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Mtambo haukuwa na kasoro. Ulikataliwa na daftari la hesabu.

Davis hakuutupa. Mwaka 1936 aliingia mkataba na kampuni ya Bendix, akaendelea kuunoa. Vita Kuu ya Pili ilipokuja, magari mazito ya jeshi yakauhitaji. Mwaka 1951 Chrysler ikatoa gari la kifahari, Imperial, lenye usukani wa namna hiyo, ikitumia baadhi ya haki za uvumbuzi za Davis ambazo muda wake ulikuwa umekwisha! General Motors wakashtuka, wakamrudia mzee wao. Mwaka 1952 Cadillac nazo zikawa nao.

Sisi vijana wa kalamu tunapenda kufarijiana kwamba mvumilivu hula mbivu. Davis alivumilia, lakini aliyetangulia kuila mbivu hiyo ni mwingine. Kwa hiyo simsifu kwa kungoja. Namsifu kwa sababu mlango ulipofungwa alirudi kwenye kazi yake, na ulipofunguliwa, kazi ilikuwa tayari.

Mswada wako uliorudishwa uko wapi? Kama uko chini ya godoro, utoe. Uanze kuurekebisha leo.