Zana za ufikivu za kompyuta katika elimu ya watoto

Zana za ufikivu ni programu na mipangilio iliyomo ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta, ambayo humwezesha mtu mwenye ulemavu wa kuona, wa kusikia au wa viungo kuitumia mashine bila kununuliwa kifaa cha ziada. Shule iliyonunua kompyuta imekwisha kuzilipia, japo nyingi hubaki zimezimwa hadi mashine inapochakaa, kwa kuwa mwalimu hakuelezwa kwamba zipo.

Zana kadhaa za kibodi zilibuniwa katika Kituo cha Trace cha Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, chini ya Gregg Vanderheiden, kisha Microsoft ikaziingiza katika Windows 95. Mojawapo humfaa mtoto mwenye mtindio wa ubongo asiyeweza kubana vitufe viwili kwa pamoja: hubonyeza Shift, akaiachia, ndipo akabonyeza herufi, na herufi kubwa ikatokea. Katika Windows huwashwa kwa kubonyeza Shift mara 5 mfululizo. Nyingine hupuuza mibonyezo isiyokusudiwa ya mkono unaotetemeka.

Kwa mtoto mwenye uoni hafifu, hali inayowapata watoto wengi wenye ualbino, kitufe cha Windows kikibonyezwa pamoja na alama ya kujumlisha hukuza maandishi ya skrini, na rangi zikigeuzwa ili herufi nyeupe zikae juu ya weusi, mwanga unaomuumiza macho hupungua.

Kisoma skrini, yaani programu inayotamka kwa sauti yaliyoandikwa, ndicho chenye manufaa mapana zaidi, kwani humsaidia asiyeona na pia mwenye disleksia, ambaye huona herufi lakini hutatizika kuzisoma. Miongoni mwa visoma skrini, Narrator ilianza na Windows 2000, VoiceOver ikaingia katika kompyuta za Mac mwaka 2005, na TalkBack ya Android ikafuata mwaka 2009. Jambo la kuangaliwa kwanza ni lugha ya sauti. Programu hutamka kwa kanuni za lugha iliyochaguliwa, hivyo sauti ya Kiingereza ikipewa hadithi ya Kiswahili huvuruga irabu na kuweka mkazo pasipostahili, na mtoto akaambulia kelele badala ya sentensi. Wengi hudhani basi kwamba ni yeye asiyeelewa. Simu na tabuleti za Android zinaweza kuwekewa sauti ya Kiswahili ya Google, na tangu mwaka 2017 Kiswahili kimo pia katika huduma yake ya kuandika kwa kutamka.

Ibara ya 24 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, inazitaka nchi wanachama zimpatie kila mwanafunzi marekebisho yanayolingana na mahitaji yake. Kuwasha zana iliyomo tayari katika kompyuta ya shule ni marekebisho yasiyohitaji bajeti, na kumnyima mtoto hilo hakuna udhuru.