Sumu ya nyama ya kasa: mambo ya kujua kwa manahodha na wafanyabiashara wa Kismayo na visiwa vya Bajuni

Mwezi Machi 2024 watoto 8 na mtu mzima 1 walifariki dunia katika kisiwa cha Panza, Pemba, baada ya kula nyama ya kasa. Wengine 78 walilazwa hospitali. Mtu mzima huyo alikuwa mama wa mmoja wa watoto waliotangulia kufa. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo ilikuwa imezika watu 7 kwa sababu kama hiyo.

Panza iko mbali na Kismayo, lakini bahari ni moja na kitoweo ni kile kile. Kuanzia Koyama, Chovai na Chula hadi Ras Kiamboni, na ng'ambo ya mpaka huko Kiunga, Faza na Lamu, kasa si mgeni. Wavuvi wa Kibajuni walijulikana kwa kumvua kwa chazo, yule samaki anayefungwa kamba mkiani na kuachiwa ajibandike kwenye gamba la kasa. Magamba ya kasa yalikuwa bidhaa ya pwani ya Afrika Mashariki tangu karne ya 1, kwani yanatajwa katika Periplus, kitabu cha Kigiriki cha wafanyabiashara wa bahari. Hivi sasa biashara ya kimataifa ya kasa wa baharini, iwe gamba au nyama, imepigwa marufuku na mkataba wa CITES, na Somalia, Kenya na Tanzania zote ni wanachama. Kwa hiyo mzigo wa namna hii humtia nahodha matatani hata kabla ya kufika kwenye suala la sumu.

Sumu hutoka wapi

Kasa hatengenezi sumu mwenyewe. Wataalamu wengi wanaamini kwamba huipata katika chakula chake. Kwenye majani ya bahari na miamba huota sayanobakteria, viumbe vidogo sana ambavyo vikizidi huonekana kama nywele au utando. Jamii yao moja, Lyngbya, hutoa sumu iitwayo lingbiatoksini, na sumu hiyo iliwahi kupatikana katika nyama ya kasa iliyodhuru watu Madagaska. Hilo halimaanishi kwamba kila tukio lina chanzo hicho hicho. Ng'amba ndiye anayetajwa zaidi katika vifo, ingawa kasa wa aina nyingine nao wameua. (Mwani unaolimwa Unguja na Pemba kwa ajili ya kuuzwa nje ni kitu kingine kabisa.)

Ugumu uko hapa: kasa mwenye sumu haonyeshi dalili yoyote. Anaogelea vizuri, nyama yake haina harufu wala rangi ngeni, na kijiji kinaweza kula kasa miaka mingi bila mtu kuumwa hata tumbo. Kisha siku moja anavuliwa mwingine, pengine mahali pale pale, naye anaua. Anayesema "sisi tumekula tangu babu zetu" anasema kweli, ila ukweli huo haumwambii lolote kuhusu kasa aliyemo chunguni leo.

Moto nao hausaidii. Kuchemsha, kukaanga, kukausha juani au kutia chumvi hakuondoi sumu hii. Nyama iliyokaushwa ikauzwa bandari nyingine husafiri na sumu yake. Na kwa kuwa mabaharia hula chungu kimoja, wafanyakazi wote wa jahazi wanaweza kuanguka pamoja wakiwa katikati ya safari, asibaki wa kushika usukani.

Dalili na hatua za kuchukua

Dalili huanza baada ya saa chache, na mara nyingine baada ya siku kadhaa hadi wiki. Mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, huwashwa na kuungua mdomoni na kooni, na kumeza kunakuwa kugumu. Ulimi unaweza kufunikwa na utando mweupe na kutoka vidonda. Anayezidiwa hulegea, husinzia, kisha hupoteza fahamu. Watoto ndio wanaokufa zaidi. Sumu hupita pia katika maziwa ya mama: watoto wachanga wamewahi kudhurika bila wao kuonja nyama, kwa hiyo mama aliyekula asinyonyeshe mpaka aonwe na daktari.

Hakuna dawa ya kuivunja sumu hii. Hospitali humsaidia mgonjwa kwa maji ya mshipa, hewa na uangalizi, na ndiyo maana muda una thamani. Jahazi likiwa na mgonjwa mmoja, wote waliokula wafikishwe hospitali, hata wanaojiona wazima, na daktari aambiwe wazi kwamba kililiwa kasa. Wengine huficha kwa kuogopa sheria, na daktari anabaki kutibu kipindupindu kisichokuwepo.

Kwa wanaosafirisha mifugo

Sayanobakteria wako pia katika maji baridi. Ghuba ya Winam, karibu na Kisumu, hupata rangi ya kijani kwa ajili yao, na sumu yao iitwayo maikrosistini hushambulia ini. Mwaka 1996 huko Caruaru, Brazil, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye sumu hiyo. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha mikrogramu 1 kwa lita kwa maji yanayonywewa maisha yote. Maikrosistini nayo haiondoki kwa kuchemsha maji.

Anayeswaga ng'ombe na mbuzi kwenda bandarini akikuta lambo lenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, asiwanyweshe hapo. Upepo hukusanya utando huo ufuo mmoja, na mnyama anaweza kufa muda mfupi baada ya kuunywa. Kama hakuna maji mengine, ufuo unakotoka upepo ndio wenye nafuu, na watu wachote kwingine.