Akiba ya Dharura Nyumbani: Iwe ya Siri, Isiwe ya Uchoyo

Tarehe 6 Mei 2020, Ramadhani ikiwa katika kumi la pili, serikali ilitangaza kufungwa kwa Mji wa Kale hapa Mombasa, pamoja na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, kwa siku 15. Muda ulipokaribia kwisha ukaongezwa hadi tarehe 6 Juni, na Idi ikawakuta watu ndani. Kabla ya hapo tulikuwa tayari na kafyu ya usiku tangu 27 Machi, na kuanzia 8 Aprili kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zilikuwa zimefungiwa safari.

Tangu siku zile kuna swali ambalo halijaisha barazani: je, ni vibaya mtu kuweka chakula ndani na kunyamaza? Wapo wanaoona haya kuweka chochote, wakidhani ni kukosa tawakkul. Wapo wa upande wa pili, ambao wakinunua magunia mawili ya mchele huyapiga picha na kuyaweka kwenye WhatsApp. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuweka akiba ya dharura bila kujitangaza, na pia mahali ambapo usiri huo lazima ukome.

Dharura zetu ni zipi

Pwani yetu haina uhaba wa mifano. Mwaka 1997 tulipata machafuko ya Likoni mwezi wa Agosti, na kabla mwaka haujaisha mvua za El Niño zikaanza. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kulikuwa na siku za maduka kufungwa na barabara kutopitika. Lamu iliwekewa kafyu mwaka 2014 baada ya shambulizi la Mpeketoni. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na kuna sehemu zilikaa gizani hadi siku ya pili. Mwezi Novemba mwaka huo huo mafuriko yakaikumba Pwani, kuanzia mitaa ya Mombasa hadi Tana River. Ukiongeza tatizo la maji ya mfereji, ambalo kwa mitaa mingi ni la kila wiki, utaona kwamba hatuzungumzii mwisho wa dunia. Ni siku tatu, wiki moja, au mwezi mmoja ambapo duka limefungwa, bomba limekauka au njia imekatika.

Kujisitiri ni mila na ni dini

Anayeona kwamba kuficha akiba ni tabia ya kigeni aangalie nyumba za kale za Lamu. Kwa nje ni ukuta mtupu wa mawe na madirisha machache. Mgeni hupokewa darini au kwenye daka, na zidaka zenye nakshi ziko ndani kabisa, ambako mpita njia hafiki. Wazee wetu walijua kwamba mali ikionekana huvuta jicho, na jicho huvuta mkono. Ndiyo maana wakasema penye kuku wengi hapamwagwi mtama.

Katika Qur'ani, Sura ya Yusuf inatupa mafunzo yote mawili, la kuweka na la kunyamaza. Nabii Yusuf, alayhi salaam, alishauri mavuno ya miaka saba yaachwe katika mashuke yake ili yafae miaka ya ukame. Katika sura hiyo hiyo Nabii Yaqub aliwausia wanawe wasiingie mjini kwa mlango mmoja, bali waingie kwa milango mbalimbali. Wafasiri wengi wanasema aliwahofia kijicho cha watu. Akaongeza kwamba yeye hawezi kuwakinga na lolote alilopanga Mwenyezi Mungu. Hapo tahadhari na tawakkul vimekaa pamoja. Na katika Sura ya al-Kahf, wale vijana wa pangoni walipomtuma mwenzao mjini na sarafu ya fedha akanunue chakula, walimwambia awe mpole na asimjulishe mtu habari zao.

Kiasi gani kinatosha

Tuchukue nyumba ya watu sita kwa siku saba.

Maji: kwa kunywa na kupikia hesabu lita 4 kwa mtu kwa siku. Hiyo ni lita 24 kwa siku na lita 168 kwa wiki, yaani mitungi tisa ya lita 20 na kidogo kibaki. Mtungi uwe uliotengenezwa kwa chakula au maji. Uliowahi kubeba mafuta ya taa au dawa za kusafishia usiutumie hata ukiuosha. Badilisha maji kila baada ya miezi michache, na maji usiyoyaamini yachemshe au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ya kuogea na kufulia ni hesabu nyingine. Kwa udhu, kumbuka kwamba Mtume, swalla Llahu alayhi wa sallam, alitosheka na mudi moja, kipimo kisichofika lita moja. Sisi hufungua mfereji kana kwamba tunaosha gari.

Chakula: mgao wa kawaida wa misaada ni takribani gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde na gramu 25 za mafuta kwa mtu kwa siku. Kwa nyumba yetu ya watu sita ni kilo 17 za mchele na unga, kilo mbili na nusu za maharagwe, ndengu au kunde, na zaidi kidogo ya lita moja ya mafuta. Ongeza chumvi, sukari, majani ya chai, tende na papa mkavu au ng'onda. Usinunue kitu ambacho nyumba yako haikili, kwa sababu kitakaa mpaka kiharibike.

Vingine: dawa za wagonjwa wa sukari, presha na pumu, zitoshe angalau wiki mbili mbele, tochi au taa ya sola, kiberiti, redio ndogo ya betri, vitambaa vya hedhi, nepi kama kuna mtoto. Weka noti ndogo za shilingi 50, 100 na 200, kwa maana mtandao ukianguka M-Pesa nayo imeanguka, na mwenye duka hatakuwa na chenji ya elfu. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa na hati ya nyumba viwekwe pamoja ndani ya mfuko usiopitisha maji, uwe mahali unapoweza kuunyakua ukatoka.

Kununua bila kutangaza

Wasia wa Nabii Yaqub unafaa hata dukani. Usiende siku moja ukarudi na tuktuk imejaa hadi paani. Kila unapofanya manunuzi yako ya wiki ongeza kitu kimoja: leo pakiti moja ya unga juu ya ile ya kawaida, wiki ijayo kilo mbili za mchele, wiki inayofuata mafuta. Baada ya miezi miwili au mitatu utakuwa na akiba ya wiki moja, na mfuko wako hautakuwa umehisi. Nunua kwa maduka tofauti. Muuza duka wa mtaani ni mtu mwema, lakini duka lake ni kijiwe, na mwenye kijiwe husimulia.

Mizigo mikubwa usiishushe baada ya Alasiri wakati baraza imejaa watu. Maganda, makopo na maboksi usiyatupe yote siku moja. Jaa la taka husema ulichonunua. Picha usipige. Ukishaweka picha ya stoo yako kwenye kikundi cha watu mia mbili, hujui ni simu ngapi imefika.

Kuhifadhi mahali pa kawaida

Akiba iliyofichika vizuri ni ile isiyoonekana kuwa akiba. Mchele ndani ya ndoo yenye kifuniko chini ya kitanda, mitungi ya maji nyuma ya pazia la choo, makopo ndani ya sanduku la nguo. Iinue kutoka sakafuni, kwa sababu ya unyevu na kwa sababu ya mafuriko. Joto na unyevu wa Pwani huleta fukusi, na mbaya zaidi huleta sumukuvu kwenye mahindi na karanga, ambayo haiondoki kwa kupika. Nafaka iliyoota ukungu itupe, usiione hasara.

Andika tarehe kwa kalamu kwenye kila pakiti. Kilichotangulia kuingia kitangulie kuliwa, kisha ununue kingine. Kwa njia hiyo akiba inazunguka na haiozi.

Petroli usiiweke ndani ya nyumba. Na jiko la makaa usilipikie wala kuliacha likiwaka chumbani milango na madirisha yakiwa yamefungwa, hata kama unaogopa moshi au harufu isitoke. Hewa ya makaa ni sumu isiyo na harufu, na humuua mtu usingizini. Hakuna siri yenye thamani hiyo.

Siku yenyewe ikifika

Wakati mtaa mzima uko gizani, nyumba moja yenye taa inang'aa ni tangazo. Funga pazia zito, tumia taa ndogo, na jenereta ikiwa unayo fikiria mara mbili kabla ya kuiwasha usiku. Pilau ya nyama harufu yake hufika nyumba ya kumi. Pika wali na maharagwe kama wenzako, kula mnachokula kila siku, vaa unavyovaa kila siku. Ukiulizwa hali, jibu la kweli lipo: alhamdulillahi, twavumilia. Si lazima kusema uongo ili kulinda siri, na uongo haufai.

Foleni ya maji ikiwapo, nenda kapange na mtungi wako kama kwako maji yanapungua. Lakini kama unayo ya kutosha, usiende kuchukua ya mwingine kwa ajili ya kujionyesha kuwa huna. Msaada wa chakula ukigawanywa, hukumu ni hiyo hiyo. Kukaa kimya kuhusu ulicho nacho ni ruhusa yako. Kuchukua haki ya asiye nacho si ruhusa yako.

Nani ajue

Mke na mume wajue wote wawili. Nyumba nyingi hapa kwetu mwanamume ananunua na mwanamke hajui fedha ziko wapi, au mwanamke ameweka na mume hana habari. Mmoja akifariki au akikwama upande wa pili wa feri, akiba inakuwa kama haikuwepo. Ongeza mtu mmoja mzima wa kuaminika, ndugu au shangazi asiyeishi hapo, ajue hati ziko wapi.

Watoto wadogo wafundishwe neno moja tu: ya nyumbani hayasimuliwi nje. Usiwape hesabu ya magunia kisha utegemee wanyamaze. Lakini wajue nambari za dharura, 999 na 112 za polisi na 1199 ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, na wajue mahali pa kukutana mkitawanyika.

Kama umeweka dhahabu au fedha taslimu, kumbuka zaka. Ikifika nisabu, ambayo kwa dhahabu ni gramu 85, na ikapitiwa na mwaka, inatolewa. Iliyofichwa kwa watu haikufichwa kwa Mola.

Akiba si kuhodhi, na mlango wa jirani uko wazi

Mtume alimlaumu vikali mwenye kuhodhi, na wanazuoni wameeleza kwamba kuhodhi ni kukusanya mahitaji ya watu wakati wa shida ili yapande bei. Kuiwekea nyumba yako chakula si hilo. Imepokewa kwamba Mtume mwenyewe aliwawekea ahli zake chakula cha mwaka. Tofauti ni nia na wakati. Nunua wakati wa neema, bidhaa zikiwa tele. Ukikimbilia dukani siku ya tangazo ukamaliza rafu, hapo umemnyima mwenzako.

Na kuna haki ya jirani. Tumeusiwa kwamba hakukamilika imani ya mtu anayelala ameshiba na jirani yake ana njaa naye anajua. Kwa hiyo katika ile hesabu ya watu sita, mimi hushauri iandikwe ya watu wanane. Wale wawili si wa nyumba yako. Ni bi kizee wa chumba cha uani, ni kijana wa mkokoteni anayelipwa kwa siku na ambaye kafyu ikianza saa moja jioni mshahara wake umekatwa nusu.

Mpe kidogo kidogo, usimpe gunia. Kilo mbili kwenye kikapu, baada ya Isha, au kwa mkono wa mtoto kama sahani ya futari inavyopelekwa kila Ramadhani. Anayepokea asijue una kiasi gani, na mtaa usijue amepokea. Sitara uliyojiwekea wewe, umwekee na yeye.

Anza wiki hii, na pakiti moja ya unga.