Stima ya Kutuliza Maumivu Haikuanza Jana

Watu wangu, ukienda kwa fizio na mgongo unaokusumbua mwaka wa tatu sasa, huenda akakubandika vipande vyenye nyaya, awashe kimashine, uanze kuhisi visindano. Wengi husema hiyo ni teknolojia ya juzi. Wapi! Hii stori ina karibu miaka 2,000.

Enzi za Kaisari Klaudio, tabibu Mroma Scribonius Largus aliagiza mwenye jongo asimame ufuoni kwenye maji, akanyage taa aliye hai, yule samaki anayepiga shoti, mpaka mguu ufe ganzi hadi gotini. Kichwa kikiuma, samaki awekwe papo hapo panapouma.

Shida ilikuja karne ya 19. Wafanyabiashara wa Ulaya na Marekani waliuza mishipi ya umeme, ati inatibu kila kitu. Jina la umeme likachafuka.

Mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall wakaeleza jambo ambalo mwili wako unalijua tayari. Ukigonga goti kwenye meza, unalisugua, sivyo? Walisema uti wa mgongo una kitu kama lango: neva za mguso zikichangamshwa, lango linabana, na habari za maumivu zinapita kwa shida. Mwaka 1967, Wall na William Sweet wakajaribu umeme kwenye neva zao wenyewe, kisha kwa wagonjwa 8. Nusu yao walipata nafuu iliyodumu zaidi ya nusu saa. Mwaka uo huo, Norman Shealy akapandikiza kifaa cha umeme kwenye uti wa mgongo wa mgonjwa wa saratani. Vile vidogo vya kubandika ngozini vikaenea miaka ya 1970.

Maoni yangu? Historia hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, maumivu ya muda mrefu si deko. Yanapita kwenye neva, kwa hivyo tuache kumwambia mtu "jikaze tu" kwa sababu picha ya eksirei haijaonyesha kitu. Pili, kifaa hiki hutuliza, hakiponyi chanzo, na hakimsaidii kila mtu. Mwenye kifaa cha kuendesha moyo asikiguse kabla ya kuongea na daktari.

Kwa hivyo ukikutana na muuzaji anayeapa mashine yake inamaliza sukari, presha na mgongo kwa mpigo, kumbuka ile mishipi. Maneno ni yale yale, ni chaja tu imebadilika.