Mganga, Mnunuzi na Misitu ya Lindi

Nyuma ya mji wa Lindi, ukiipa kisogo bahari ya Rasbura na kushika njia ya bara, iko misitu ya Litipo na Rondo, ambamo kwa vizazi waganga wamechimba mizizi na kubandua magome. Wako wanaoamini kwamba wachimba dawa hao ndio maadui wakubwa wa msitu. Historia ya pwani hii inanipeleka upande mwingine: msitu huumizwa hasa na mvunaji asiye na sababu ya kuurudia mti uleule.

Tazama mpira wa porini. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, utomvu wa mitoria, jamaa ya mbungo, ulitoka bara ya Kilwa na Lindi, Donde ikiwemo, ukapakiwa majahazini kwenda Unguja na kutoka huko ng'ambo. Mtoria ukichanjwa kwa uangalifu hupona na kutoa tena. Lakini bei ilipopanda, mwenye haraka alikata kwa kina au aliukata mmea mzima, kwa kuwa asipouchukua leo, kesho angeuchukua mwingine. Mganga alikuwa katika hali tofauti kabisa, maana wagonjwa wake walikuwa majirani na mti wake ulikuwa akiba ya kesho. Ndiyo maana wengi walichukua mizizi ya pembeni, wakafukia shimo, na kuacha gome lizunguke shina.

Wajerumani walipotoa amri ya kulinda misitu mwaka 1904, waliona kuni, mbao na mapato. Haki ya mwanakijiji ikageuka kuwa jambo la kuombewa ruhusa. Mwaka uliofuata vita vya Majimaji vililipuka Umatumbi. Visa vyake vilikuwa vingi, kilimo cha lazima cha pamba kikitangulia, wala sidai kwamba amri ya misitu ndiyo iliyoviwasha. Ila ilimwondolea mtumiaji wa karibu sababu ya kuwa mlinzi.

Nitajibiwa kwamba mganga wa leo si yule wa zamani: mizizi ni bidhaa ya Kariakoo, na mjafari unaong'olewa kwa ajili ya malaria haujali nani ameshika jembe. Ni kweli, na hoja hii inautia nguvu mfano wa mpira, kwani soko la mbali humgeuza hata mganga kuwa mvunaji wa mara moja. Kumfungia msitu hakutoshi, kwa maana mnunuzi atampata mwingine atakayeingia usiku. Njia nyingine ipo: Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake, na huko Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, kwa kuvuna mpingo kwa mpango. Mizizi nayo inastahili hesabu hiyohiyo: kijiji kiamue miti ipi ipumzishwe, nani achimbe na kwa kiasi gani, na mnunuzi wa mjini alipe ushuru kijijini kabla gunia halijapanda gari.